Sienta au Wish kwa familia ya watu sita

Ndugu yangu, unauliza uchukue gari la Toyota Sienta au Toyota Wish lililokwisha tumika hapa Dar, kwa familia ya watu sita. Yote mawili yanapatikana kwa viti saba. Mimi ningechukua Sienta toleo la kwanza: injini yake ni 1NZ ya lita 1.5, ileile ya Toyota IST na Probox, spea zimejaa Kariakoo na mafundi wanaijua. Ila usilikague likiwa limeshapata moto. Nenda alfajiri na fundi wako, liwashwe likiwa baridi, yeye asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu? Linakula oili, achana nalo hata ukipunguziwa bei. Na tafadhali sana, jina kwenye kadi ya gari lifanane na la muuzaji, na faini za trafiki uziangalie kabla hujatoa hata shilingi.