Mistari 720 si watu 720

Data yangu ya kwanza ilikuwa ya sauti. Watu 24, nusu vijana nusu wazee, kila mmoja alisoma maneno 30, nami nikapima urefu wa irabu katika kila neno kwa milisekunde. Nikapata jedwali la mistari 720. Nikalinganisha makundi mawili kwa jaribio la t, hesabu inayopima kama wastani wa makundi mawili unatofautiana, thamani ya p ikatoka chini ya 0.001, ndogo kiasi cha kuonekana ushahidi mzito. Usiku huohuo nikaandika sura nzima ya matokeo.

Msimamizi wangu aliisoma, akauliza: "Umerekodi watu wangapi?" Nikajibu 24. "Basi mbona hesabu zako zinadhani ni 720?"

Natamani kila anayejifunza takwimu kwa ajili ya utafiti wa lugha au jamii aulizwe swali hilo kabla hajafundishwa jaribio lolote. Mwenye kuvuta irabu ataivuta katika maneno yote 30. Mistari yake ni mtu yuleyule anajirudia, haihesabiwi kama mashahidi 30 wasiojuana. Mtafiti wa jamii anayehoji wanafunzi 400 wa shule 8 yumo katika hali hiyohiyo, kwa kuwa wa shule moja wana walimu walewale na majibu yao huelekea kufanana. Nilipochukua wastani wa kila mtu na kuchora nukta 24, nikaona tofauti karibu yote imebebwa na wazee wawili waliosoma polepole mno. Kumi waliobaki walikuwa wamechangamana na vijana.

Na maneno nayo ni sampuli. Mwanasaikolojia wa lugha Herbert Clark alilionya hilo mwaka 1973: ukipima maneno machache, kwa kawaida unataka kusema jambo kuhusu lugha, si kuhusu maneno hayo tu. Leo kuna modeli za athari mchanganyiko, zinazompa kila mtu na kila neno nafasi yake katika hesabu. Ni nzuri sana, ila usianzie hapo. Utanakili amri za programu na kupata majibu usiyoweza kuyatetea.

Anza kwa kuchora. Mwaka huohuo wa 1973, mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ina nukta 11. Wastani wake unalingana, na kipimo cha uhusiano ni karibu 0.816 kwa zote. Zichore: moja ni mtawanyiko wa kawaida kandokando ya mstari, nyingine ni upinde, na mbili zimepotoshwa na nukta moja tu. Zichore kwa mkono wako, usitazame picha ya mtu mwingine. Ukirudi kwenye hojaji yako ya kipimo cha 1 hadi 5 utajua kwamba wastani wa 3 unaweza kuwa wa watu wasio na upande, au wa jamii iliyogawanyika katikati.

Kuhusu thamani ya p, kilichonielewesha ni vikaratasi. Niliandika wastani wa kila mtu kwenye kikaratasi chake, nikavichanganya vyote 24, nikavigawa mafungu mawili ya 12 bila kuangalia nani kijana nani mzee, kisha nikapima pengo. Pengo langu halisi lilikuwa milisekunde 9. Katika kuchanganya mara 50, mara 14 pengo lilifika 9 au likazidi, na hapo hakuna kilichofanya kazi ila bahati. Ndiyo p yenyewe: kama makundi hayatofautiani, bahati peke yake ingetoa pengo kubwa namna hii mara ngapi? Haikwambii uwezekano wa nadharia tete yako kuwa kweli. Tenga jioni moja ufanye zoezi hili kwa data yako mwenyewe.

Programu ni suala dogo kuliko watu wanavyolikuza. Mimi natumia R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure, kwa sababu kila hatua inabaki imeandikwa. Faili la data ghafi siligusi kamwe. Ninachoondoa nakiondoa kwa amri, na juu yake naandika sababu kwa sentensi moja. Mwaka mzima baada ya kurekodi, mhakiki aliuliza kwa nini maneno matatu hayamo katika uchambuzi. Nikafungua faili la amri, na jibu lilikuwa pale, mstari wa 18: wasomaji watano waliyakosea.