Kabla hujaweka dau: maswali yenu kuhusu sarafu za kale mtandaoni

Mwezi huu tumekusanya pamoja barua zinazouliza kuhusu minada ya mtandaoni. Humo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna sarafu bandia, na kuna sarafu halisi iliyopewa maelezo ya uongo. Ya pili inawaumiza wengi zaidi, kwa sababu hata sonara akiipima atasema ni madini ya fedha kweli.

Kuna reale ya Maria Theresa inanadiwa mtandaoni, imeandikwa 1780. Muuzaji anasema ina zaidi ya miaka 240, na bei ya kuanzia ni mara tano ya ile ninayotajiwa na masonara hapa mjini. Je, ni haki? (Msomaji, Unguja)

Si haki, hata kama sarafu yenyewe ni halisi. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki Novemba 1780, na tangu hapo reale hii, sarafu kubwa ya fedha, imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule: Vienna, na kwa nyakati mbalimbali Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walishaizoea sura ile na hawakutaka nyingine. Vienna wanaipiga hadi leo. Mwaka ulioandikwa, basi, hauthibitishi umri wowote. Reale ya kawaida ina gramu 23.4 za fedha safi, na bei yake haipaswi kwenda mbali sana na bei ya fedha hiyo. Anayedai kuwa yake ni ya zamani kweli ataje kiwanda na alama zinazokitambulisha. Akileta habari za sanduku la babu badala ya alama, lipa bei ya fedha au achana nayo.

Bandia nazo zipo. Halisi ina gramu 28.07, kipenyo cha milimita 40 hivi, na chini ya kifua cha malkia kuna herufi S.F. Pa kuangalia kwanza ni ukingoni. Reale halisi ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka juu ya ukingo, yakitenganishwa na nakshi. Sarafu ya kusubu, yaani ya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa, hutoka kwenye kalibu la vipande viwili, na mstari wa kuungana hupita ukingoni kabisa. Mghushi akiupiga tupa ili aufute, maneno huondoka nao. Ukiona ukingo laini, wenye mikwaruzo ya tupa, au wenye maneno yaliyochimbwa ndani badala ya kuinuka, usiweke dau.

Angalia pia juu ya kichwa cha malkia. Reale nyingi zilivaliwa kama mapambo, zikatobolewa au kuungwa pete kwa lehemu. Tundu lililozibwa huacha duara lenye rangi tofauti kidogo na nakshi zilizofifia mahali hapo. Hiyo bado ni sarafu halisi, lakini muuzaji anayeiita safi bila kuutaja mzibo amekudanganya.

Nina hamu ya kupata sarafu ya dhahabu ya Tabora yenye tembo. Muuzaji aliye Ujerumani ana moja kwa bei nafuu sana, na hakuandika uzito. (Msomaji, Dodoma)

Usilipe hata senti kabla ya kupata uzito. Hii ni rupia 15 ya utawala wa Wajerumani ya 1916, iliyopigwa katika karakana ya reli Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu kabla mji haujachukuliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba mwaka huohuo. Ina gramu 7.168, dhahabu sehemu 750 kwa 1000, kipenyo milimita 22 hivi, na herufi T ya Tabora.

Namba ya uzito ndiyo inayomfichua mghushi. Nakala ya shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na kipenyo na unene uleule, itakuwa na gramu 4 hivi. Ya fedha iliyopakwa dhahabu haitafika gramu 5. Ili afikishe 7.17 kwa metali hizo, itabidi aifanye nene kupita kiasi, na unene huo utaonekana ukingoni. Kwa hiyo omba vitu vitatu pamoja: picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani inayosoma tarakimu mbili baada ya nukta, kipenyo na unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene), na picha ya ukingo. Kimoja peke yake hakitoshi.

Soma pia maelezo ya Kijerumani hadi mstari wa mwisho. Maneno Nachprägung, Replik au Kopie yanamaanisha ni nakala ya baadaye, na mara nyingi hufichwa chini kabisa, baada ya historia ndefu na ya kweli ya Tabora. Nakala nyingine zimetengenezwa kwa dhahabu halisi, ila ya kiwango kingine. Hizo utauziwa dhahabu kweli, lakini kwa bei ya historia ambayo hazina.

Kasoro ndogo za upigaji zisikutishe. Tabora ilikuwa ikifanya kazi ya dharura, na hasa sarafu za heller 20 (heller ni senti ya rupia) zilitoka na sehemu zilizofifia. Tunachokiogopa zaidi ni ulaini wa sarafu nzima: herufi zenye kingo za mviringo na vitundu vidogo kama vya sindano kwenye uwanda ulio mtupu.

Picha za muuzaji ni nzuri mno, kisha nimeziona tena kwa muuzaji mwingine. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Ikiwa ni picha ileile, mmoja wao angalau hana sarafu hiyo. Tafuta kwa picha kwenye Google uone ilianzia wapi. Nyingi huibwa kutoka minada iliyokwisha kufungwa. Kisha mwombe muuzaji picha mpya, sarafu ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali hutumia dakika mbili kuipiga.

Hatari zaidi ni picha mbili tofauti za sarafu mbili zinazofanana kupita kiasi. Sarafu inapozunguka mikononi hupata mikwaruzo yake yenyewe. Ukikuta mkwaruzo uleule shavuni mwa Kaiser (mfalme wa Ujerumani), na jeraha lilelile ukingoni, kwenye rupia mbili za wauzaji wawili, angalau moja kati yake imetoka kwenye kalibu lililonakiliwa kutoka sarafu moja iliyochakaa. Panga picha hizo sambamba na ulinganishe alama tatu au nne. Njia hii hukamata hata bandia zenye uzito sahihi na fedha halisi, ambazo mizani haiwezi kuzikamata.

Sarafu ikiwa ndani ya kasha la plastiki la NGC au PCGS, nimetulia? (Msomaji, Nairobi)

Bado. NGC na PCGS ni kampuni zinazothibitisha sarafu na kuzifunga kwenye makasha, lakini makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika, uone kama aina, mwaka na daraja vinalingana. Namba kuwepo peke yake hakutoshi, maana mghushi hunakili namba ya kweli. Kama tovuti ina picha ya sarafu hiyo, linganisha mikwaruzo na madoa. Kasha la kampuni usiyoijua lihesabu kama mfuko wa plastiki tu.

Nauziwa shilingi ya Afrika Mashariki ya 1949 kama fedha, na senti 10 ya 1936 ya Edward VIII kama “nadra sana”. (Msomaji, Kampala)

Maelezo yote mawili ni ya uongo. Shilingi ya simba ilikuwa na fedha robo tu, yaani sehemu 250 kwa 1000, na ni hadi zile za 1946. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, bila fedha kabisa. Hata maandishi yanakuonyesha: za baadaye hazina tena IND: IMP:, kwa kuwa Mfalme hakuwa tena mtawala wa India.

Senti 10 ya Edward VIII ina habari ya kuvutia, kwa sababu mfalme huyo wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja tu, 1936, na sarafu zenye sura yake kweli ni adimu. Lakini hii ya kwetu ina tundu katikati, haina sura, ina jina lake tu, na ilipigwa kwa mamilioni. Wauzaji huchukua umaarufu wa zile na kuubandika kwenye hii. Inunue kwa bei ndogo, ukiipenda.

Rupia ya Mjerumani niliyoishinda mnadani imefika. Napimaje nyumbani bila kuiharibu? (Msomaji, Tanga)

Kwanza, usiisugue. Majivu, dawa ya meno na sabuni ya unga huacha mikwaruzo myembamba isiyotoka, na bei huporomoka. Sumaku ikiivuta, ni bandia. Isipoivuta hujajua kitu bado, kwa sababu shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazivutwi.

Ipime kavu. Rupia nzima ya fedha ina gramu 11.66, na iliyochakaa sana hupungua kidogo. Halafu ipime majini. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani inayosoma tarakimu mbili baada ya nukta, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uning'inize kwenye kijiti, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Itikise taratibu ili viputo viachie, maana kiputo kimoja kinaweza kukuharibia jibu. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo upate densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo kwa gramu.

Rupia halisi, ambayo fedha yake ni sehemu 917 kwa 1000, itasoma takriban gramu 1.13 majini, na densiti yake itakuwa 10.3 hivi. Bandia ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma karibu 1.37, na ya shaba na nikeli karibu 1.31. Rudia mara tatu. Namba zikipishana sana, tatizo ni uzi au viputo. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini, bila kufuta. Kwa reale ya Maria Theresa tegemea gramu 2.75 majini.

Ikifeli, piga picha mizani ikionyesha namba, usiipeleke kuyeyushwa wala kuikata, na ufungue malalamiko kupitia mnada wenyewe siku hiyohiyo, kwa kuwa muda wa kurudisha huhesabiwa tangu mzigo ulipofika. Andika uzito na densiti ulizopata, kisha taja maneno ya tangazo yanayopingana nazo. Muuzaji akikuomba uyafunge malalamiko hayo ili akurudishie pesa kwa njia ya simu, kataa. Ukishayafunga, mnada hauna tena namna ya kukusaidia.