Ngazi Isiyonesa

Mteja anayefika karakana yetu hapa Kariobangi kuagiza ngazi ya kufikia tangi la maji juu ya paa huuliza kwanza kama itamudu uzito wake. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Ngazi ya chuma inaweza kumbeba mtu bila dalili yoyote ya kuvunjika, na bado ikanesa kiasi kwamba anayepanda huikumbatia kwa mikono yote miwili na kushindwa kutumia spana aliyopanda nayo. Mtu huyo hajakosea kuogopa. Aliyekosea ni aliyeiunda.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni namna bomba linavyolazwa. Bomba la milimita 50 kwa 25, lenye unene wa milimita 1.5, likifanywa mihimili ya pembeni huku upande mpana ukimtazama mpandaji, hupendeza macho, ila hupinda karibu mara 3 ya linavyopinda likigeuzwa ili upande mwembamba umtazame mpandaji na ule mpana utazame pembeni. Chuma ni kile kile, na bei ni ile ile! Ukiilaza ngazi ya mita 4 juu ya vitegemeo viwili kwenye ncha zake, ukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati, hesabu inaonyesha kwamba ya kwanza itabonyea takriban milimita 70, na ya pili 23. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, kisha pima kwa rula.

Urefu nao hauna huruma: ngazi ya mita 5 hunesa karibu maradufu ya ile ya mita 4 yenye bomba lile lile, kwa hiyo anayeomba aongezewe mita moja namshauri achukue bomba pana zaidi. Alumini ni nyepesi, lakini kwa umbo lile lile hupinda karibu mara 3 ya chuma, nayo pia huhitaji bomba pana.

Kuna pia kujipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, ambako humtisha mtu kuliko kubonyea. Vidato vichomelewe kuzunguka ncha yote, si kushikizwa kwa nukta mbili. Kabla ya kulipa, shika mihimili yote miwili, sukuma mmoja na kuvuta mwingine. Ukiona vidato vinacheza, mwambie fundi airudishe mezani.