Mita ya chini ilinidanganya, nikampoteza mteja

Juzi fundi mmoja wa Kitengela ameniandikia. Ripita yake, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio za mkononi na kuirusha tena mbali zaidi, ilikuwa ikifika mbali, sasa walinzi wanapotea wakishapita Mlolongo. Ameshabadilisha redio mara mbili. Niliposoma hapo usingizi ulikatika, maana kosa hilo nalijua.

Ilikuwa masika. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa na ripita ya UHF (aina ya masafa ya redio) juu ya ghorofa Upper Hill, na mimi ndiye niliyeifunga. Mwanzoni mlinzi aliye Athi River aliongea na ofisi bila mkwaruzo. Mvua zilipoanza, ikaishia Syokimau, kisha Cabanas, hadi hata Imara Daima sauti ikawa ya kukatika. Nikaweka mita ya wati, yaani ya kupima nguvu, chini baada ya duplexa, kile kifaa kinachowezesha ripita kurusha na kupokea kwa antena moja: wati 35 zinapanda kwenye antena, 2 zinarudi. Zinazorudi zikiwa chache, kwa kawaida antena ni nzima, nami nikasema hivyo. Nikamuuzia mteja redio mpya, nikarekebisha duplexa pia. Wapi!

Wiki ya tatu akaita fundi mwingine. Kijana yule alipanda mlingoti, akafungua konekta ya juu, pale kebo inapoungana na antena, maji yakamwagika mkononi. Shaba ilikuwa imeshageuka kijani. Habari hizo nilipewa na mlinzi wa geti. Mteja mwenyewe hajanipigia hadi leo, na bado inaniuma.

Sasa nisikilizeni, mafundi wenzangu. Kebo iliyolowa hula nguvu zikipanda, ikazila tena zikirudi. Ikipoteza desibeli 6, yaani ikabakiza robo tu ya nguvu, kati ya wati 35 zinafika juu kama 9 tu. Hata antena ikiwa imekatika kabisa, hizo 9 zikirudi chini zinabaki 2 na kidogo. Ndizo nilizoziona nikafurahi! Pandeni juu, mpime pale kebo inapoingia kwenye antena. Kama urefu unakutisha, mlipe mwenye mkanda wa usalama apande. Usikisie.

Ikiwa ripita inasikika mbali lakini yenyewe haisikii, hapo ni jambo jingine. Mwambie mtu asimame pale anaposikika kwa shida, zima transmita (sehemu ya kurusha), umsikilize kwenye risiva (sehemu ya kupokea). Washa transmita. Akipotea, ripita inajiziba masikio yenyewe: angalia duplexa, na kila konekta iliyolegea au yenye kutu.

Na konekta za nje zifungwe tepu ya mpira inayojigandisha, ukianzia chini ukipanda, mizunguko ilaliane kama mabati ya paa. Tepu ya umeme peke yake jua la Nairobi huibandua. Mimi niliweka hiyo ya umeme, nikaharakisha kushuka.

Ndugu yangu wa Kitengela, usinunue redio ya tatu. Panda kesho asubuhi, fungua konekta ya juu, kisha uniandikie umekuta nini.