Vifuko vya seli za ubongo: maswali yenu

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba neva huwasiliana kwa kemikali. Vifuko hivi vinavyotolewa na seli za ubongo ndivyo vilevile vya kwenye sinapsi, yaani maungio ya neva na neva?

Hapana. Kifuko cha sinapsi hubaki ndani ya seli, hujiunga na utando wake na kumwaga nje kemikali za ujumbe kama glutameti au dopamini. Vifuko mnavyouliza hutoka vizima, vimebeba protini, mafuta na RNA (nakala za maagizo ya jeni). Vidogo zaidi, eksosomu, vina upana wa takriban nanomita 30 hadi 150.

Swali: Hubeba ujumbe gani hasa?

Chukua oligodendrositi, seli zinazozungushia nyuzi za neva ala ya mayelini, yaani tabaka la mafuta. Neva ikifanya kazi hutoa glutameti, kalisi huingia kwenye oligodendrositi, nayo huachia eksosomu. Neva huzimeza, na katika majaribio ya maabara zimeisaidia kustahimili ukosefu wa oksijeni na glukosi. Cha kustaajabisha zaidi ni protini ya Arc, muhimu kwa kumbukumbu: mwaka 2018 ilibainika kwamba hujipanga kama ganda la kirusi na kusafirisha mRNA yake yenyewe (RNA yenye maagizo ya kuitengeneza) hadi seli nyingine. Lakini njia hiyohiyo hubeba mabaya pia: tau, protini inayoharibika katika ugonjwa wa Alzheimer, imekutwa ndani ya eksosomu.

Swali: Maabarani kwetu tunapata eksosomu hata kwenye chupa isiyo na seli. Kwa nini?

Kagueni serumu ya ndama (majimaji ya damu yanayotumika kulisha seli): ina vifuko vyake tele. Changanyeni midia (maji ya kukuzia seli) yenye serumu asilimia 20, izungusheni kwenye mashine kwa 100,000 g (mara 100,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) usiku kucha, chukueni maji ya juu, ndipo mpunguze kiwango cha serumu. Serumu isiyochanganywa ni nzito, vifuko havizami vizuri.

Kisha kuzeni seli katika midia hiyo, na ili kupata eksosomu zake zungusheni maji yake kwa nyuzi 4 za Selsiasi: 300 g dakika 10, 2,000 g dakika 10, 10,000 g dakika 30, mkitupa mashapo kila mara. Mwisho 100,000 g dakika 70. Hapo mashapo ndiyo mnayoyataka. Yaosheni kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), mzungushe tena. Pimeni CD63 na CD81, protini za utambulisho wa eksosomu, pamoja na kalineksini, protini ya ndani ya seli. Kalineksini ikionekana, mmekusanya mabaki ya seli zilizopasuka, na matokeo hayo msiyaamini.

Swali: Baba alipata kiharusi. Kliniki moja inatuuzia dripu ya eksosomu. Tukubali?

Pole kwa kuuguza. Msikubali. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu, baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kupata madhara makubwa. Fedha hiyo itumieni kulipia mazoezi ya viungo na dawa za shinikizo alizoandikiwa.