Miongozo ya afasia tunayo, mbona wodini hakuna kilichobadilika?

SWALI: Salamu, mtaalamu. Nasimamia wenzangu wanne wa tiba ya usemi na lugha katika wodi ya kiharusi. Mwaka jana tulifanya semina ya siku mbili kuhusu miongozo ya afasia (shida ya lugha inayotokana na kudhurika kwa ubongo), kila mtu akaondoka na nakala yake. Nikipitia mafaili leo, kazi ni ileile ya zamani. Tufanye semina nyingine?

JIBU: Usifanye, angalau si sasa. Semina ni dawa ya kutojua, na wenzako wanajua. Mwulize yeyote kati yao kama jamaa za mgonjwa wafundishwe namna ya kuzungumza naye. Atakubali kabla hujamaliza swali. Sasa mwulize ni lini alimfundisha jamaa kwa mara ya mwisho.

Mwaka 2011 Susan Michie, mtafiti wa mabadiliko ya tabia, na wenzake walieleza kwamba mtu hutenda jambo akiwa na uwezo, nafasi na msukumo. Semina hugusa zaidi uwezo. Kinachokwamisha mara nyingi ni nafasi, tena kwa sababu ndogo hata unaona haya kuitaja: jamaa huja jioni, mtaalamu ameondoka saa tisa. Hapo dawa ni kupanga zamu upya, mmoja wenu abaki walau jioni mbili kwa wiki.

Kwa hiyo chagueni pendekezo moja tu. Mimi ningeanza na lile la Aphasia United, mtandao wa kimataifa wa masuala ya afasia, linalotaka mgonjwa mwenye afasia asiruhusiwe kutoka bila njia ya kueleza mahitaji yake, au bila mpango ulioandikwa wa kuipata. Nalipenda kwa sababu halina ubishi: faili linaonyesha njia ipo au haipo. Chukua mafaili kumi ya walioruhusiwa karibuni, uhesabu. Kisha kwenye fomu ya kuruhusu wagonjwa ongezeni mstari mmoja: “Nyumbani ataelezaje anachotaka?” Baada ya mwezi hesabu mengine kumi, uwaonyeshe wote matokeo bila kutaja faili la nani ni lipi. Ukianza kutaja majina, mstari utajazwa ili ujazwe tu.

Utasikia pia, “Huyu hali yake ni nzito, hatafaidika.” Hilo ni suala la msukumo, na hotuba haitalimaliza. Mwache mwenzako akae pembeni atazame mtu akizungumza na mgonjwa huyohuyo kwa kalamu, karatasi, picha na maswali ya ndiyo au hapana.

Saa za tiba ziacheni baadaye. Uchambuzi wa RELEASE wa mwaka 2022, uliounganisha data za tafiti nyingi za afasia, ulihusisha nafuu kubwa zaidi ya lugha kwa jumla na saa 20 hadi 50 za tiba, lakini saa hizo hazipatikani kwa kuhimizana. Zinahitaji watu na bajeti, na huo ni mjadala na wakubwa.

Kwa wiki hii, tafuta jambo moja: nani ana mamlaka ya kubadilisha ile fomu? Mara nyingi si mkuu wa idara yenu. Huenda ni muuguzi mkuu wa wodi.