Picha za harusi bila kupangwa: nitampimaje mpiga picha?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao hapa Mombasa. Nikahi itasomwa msikitini Mji wa Kale baada ya Isha, kisha bwana harusi aje nyumbani kupeana mkono, na kesho yake kuna kupamba ukumbini. Bi harusi hataki mambo ya "inua kidevu, cheka kidogo". Anataka yapigwe yanavyotokea. Wapiga picha watatu wote wanasema hiyo ndiyo kazi yao. Nitawapimaje? Na ni kweli asiyetumia flashi usiku atatuharibia picha? (Kaka wa bi harusi, Majengo)

JIBU: Wa alaykum salaam kaka, na hongereni.

Siku hizi kila mwenye kamera anajiita wa dokumentari, yaani wa kupiga mambo yanavyotokea, kwa hivyo jina lisikushughulishe. Mwambie kila mmoja akuonyeshe harusi moja nzima, picha zote alizomkabidhi mteja, ya kwanza hadi ya mwisho. Zile ishirini za Instagram achana nazo. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilipata ishirini nzuri, kwa bahati tu. Kwenye picha mia nne ndipo utaona alikuwa amesimama wapi sheikh alipokuwa akiozesha, kama watu wote wanaikodolea kamera, na kama kuna nyanya hata mmoja au ni bi harusi na maua mwanzo mwisho. Tena iwe harusi ya usiku. Akikuletea ya saa kumi jioni ufuoni Nyali, hapo jua lilimfanyia nusu ya kazi.

Flashi si lazima, lakini asiyeitumia awe na lenzi ya kufaa. Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta mbele, hufunguka hadi f/5.6 tu (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Akiwa nayo, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 3200 au 6400, atapiga nikahi bila kumwashia sheikh taa usoni. Nyumba za Mji wa Kale zenye dari za boriti zina taabu yake: wengi huelekeza flashi juu ili mwanga urudi chini taratibu, na boriti nyeusi hairudishi kitu.

Kuna swali moja la kumtega: "Chini ya taa za LED unapiga kwa kasi gani?" Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi kubwa, picha inatoka na mistari ya giza kama shuka ya milia. Anayejua atataja 1/100 au 1/50 ya sekunde bila kufikiri.

Muulize pia anafanyaje akitoka kwenye AC. Mimi yalinikuta Kizingo. Kamera ilikuwa garini, nikatoka mbio kumwahi bwana harusi mlangoni, lenzi ikafunga ukungu kwa joto la nje. Nikafuta, ukarudi. Alipoweka mkono kwenye paji la uso la mkewe akasoma dua, nilichopata ni weupe mtupu. Sasa nazitoa kamera nje nusu saa kabla, ndani ya begi, zipate joto polepole.

Kupamba ni shughuli ya wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa. Mpiga picha awe mwanamke, hilo mnalijua. Linalosahaulika ni nani atakayezihariri. Nimeshaona harusi mpiga picha ni binti, na kadi za kamera zenye picha zikaenda kwa kijana wa studio. Mkataba useme nani atazigusa, nani atazihifadhi, na kwamba hakuna itakayowekwa mtandaoni bila idhini yenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 iko upande wenu: kutumia picha ya mtu kujitangazia biashara kunahitaji ridhaa yake. Hayo yaandikwe kabla hujatoa arbuni.

Kamera iandike kwenye kadi mbili kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine ibaki. Asiye nayo, mpite.

Picha za jamaa wamesimama safu msizifute kabisa. Tengeni robo saa, na shangazi mmoja anayewajua watu wote awaite kwa majina, la sivyo mtazitafuta baadaye mzikose.

Ukibaki na wawili wanaolingana, kumbuka maswali yao. Mmoja atakuwa ameuliza saa ngapi na pesa ngapi. Mwingine ameuliza somo wa bi harusi (mwanamke anayemfunda) ni nani, chumba cha kupeana mkono kina dirisha upande gani, na ni jamaa gani hawasemezani. Mimi ningemchukua huyo wa pili, hata akizidi bei kidogo.